Februari, Treni ya Kawaida na Siku Nne za Pasi

Baba yangu alikuwa gadi wa treni. Kwa miaka 25 alipanda behewa la mwisho hapa Nairobi jioni akashuka Kisumu asubuhi, na sisi watoto tulilelewa kwenye nyumba za reli Muthurwa, tukiijua saa kwa honi. Mwaka huu ametimiza miaka 74. Dada yangu na mimi tumeamua kumpeleka Uswisi Februari ijayo, akapande treni za milimani wakati wa theluji. Pesa zimetoka kwenye chama chetu, miaka mitatu ya kuweka kidogo kidogo, na ndiyo maana kila shilingi ya safari hii naitazama mara mbili.

Miezi miwili sasa nalala na kuamka na ratiba za treni, na msimamo nilioufikia nautoa hapa kwa yeyote anayewaza safari kama hii. Nunua siku chache za pasi, panda treni za kawaida, na uache siku moja tupu katikati. Vifurushi tunavyouziwa hapa mjini vinakwenda kinyume na mambo yote matatu.

Nilianza kwa wakala. Simtaji, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Alitupangia siku 9 na miji 6, kila usiku hoteli nyingine, na pasi ya siku 8 mfululizo ya daraja la kwanza. Nilikaa na karatasi yake kwenye matatu nikihesabu kwa vidole siku ambazo kweli tungekuwa ndani ya treni kwa saa nyingi. Zilikuwa 4. Siku nyingine zote tungekuwa tunalipia pasi huku tunatembea kwa miguu mjini. Na mzee wa miaka 74 angefungasha sanduku kila alfajiri, kwenye barafu.

Pasi zenyewe si fumbo. Ile inayoitwa Swiss Travel Pass ni ya wageni wanaoishi nje ya Uswisi, nayo huuzwa kwa siku 3, 4, 6, 8 au 15. Ukiishika unapanda treni, mabasi na meli za ziwani, na unaingia majumba ya makumbusho zaidi ya 500 bila kulipa tena. Iko ya siku mfululizo, na iko ya Flex, ambayo wewe ndiye unayechagua siku zako ndani ya mwezi mmoja. Flex ni ghali kidogo, lakini wakati wa baridi ningeilipia bila kusita, kwa sababu ukiamka ukaona ukungu umefunika bonde lote, unaiweka siku ile akiba. Kadi nyingine ni Half Fare Card. Hiyo inakukatia nauli nusu kwa mwezi mzima, hata kwenye reli nyingi za kupanda vileleni ambako pasi kubwa mara nyingine inapunguza robo tu, kama ile ya Jungfraujoch. Mwenye mpango wa kukaa mji mmoja na kupanda mlima mara mbili au tatu aanze na hiyo. Mwenye watoto wa miaka 6 hadi 15 aulize kadi ya familia, maana watoto hao husafiri bure wakiwa na mzazi.

Pasi ya Eurail ni ya anayevuka nchi nyingi za Ulaya. Binamu yangu anayeishi Ujerumani alitaka tununue pamoja, tukagundua haiwezekani: Eurail ni yetu sisi tunaoishi nje ya Ulaya, wao wana Interrail. Ni pasi nzuri, lakini treni za kasi za Ufaransa na Italia zinakudai pesa ya kuwekewa kiti juu ya pasi, ilhali treni nyingi za Uswisi unaingia tu na kukaa. Sisi tunabaki Uswisi. Niliandika nauli ya kila safari ndefu, nikazijumlisha, nikazigawa kwa mbili, nikalinganisha na pasi. Kwetu hesabu iliangukia Flex ya siku 4. Siku za kukaa mjini hazitusumbui, kwani miji mingi ya kule humpa mgeni wa hoteli kadi ya usafiri wa pale mjini.

Sasa suala la mwezi. Watu wa Nairobi hatufikirii mwanga. Hapa jua linachomoza saa kumi na mbili na nusu hivi na kuzama vivyo hivyo, Januari kama Julai, na tunadhani dunia yote iko hivyo. Desemba katika milima ya Uswisi kunapambazuka kama saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja jioni jua limezama. Treni ya Glacier Express kutoka Zermatt hadi St. Moritz inachukua saa 8 hivi, inavuka madaraja 291 na mahandaki 91, na daraja la Landwasser, lile la mawe lenye urefu wa mita 65 kwenda juu ambalo kila mtu ana picha yake, liko kuelekea mwisho wa safari kwa anayetoka Zermatt. Utaliona mwanga ukififia. Isitoshe, treni hiyo hupumzishwa kwa wiki kadhaa kuanzia katikati ya Oktoba, na nimeona watu wakikata tikiti za ndege za Novemba kwanza na kuja kuuliza baadaye. Katikati ya Februari unapata zaidi ya saa 10 za mchana, na theluji bado ipo. Nasema Februari, na anayeweza kungoja mpaka mwanzo wa Machi sitambishia.

Kuhusu treni ya kawaida ninajua nitapingwa. Treni za madirisha makubwa, Glacier Express na Bernina Express, ni nzuri. Lakini hata ukiwa na pasi ni lazima ulipie kiti, na ukishapewa kiti cha kushoto umepewa kushoto. Madirisha hayafunguki, na kioo kinarudisha sura yako kwenye kila picha. Reli ile ile, karibu kila saa, inapitiwa na treni ya wenyeji wanaokwenda kazini na shuleni. Pasi inatosha, unahama upande kwa upande upendavyo, na baadhi ya mabehewa yana dirisha la kushusha. Njia ya Glacier unaifanya kwa kubadilisha treni mara kadhaa, kama Andermatt, Disentis na Chur, na kwa mzee ni afadhali hivyo, anyooshe miguu, anywe chai.

Kilichonimalizia mjadala ni Baba mwenyewe. Jumapili moja nilikuwa namweleza njia ya Bernina, ile ya kutoka St. Moritz hadi Tirano, akanikatiza.

"Upana wa reli yao ni ngapi, mwanangu?"

"Milimita 1,000, Baba."

Akanyamaza. Akainuka, akarudi na tepu ya fundi, akaivuta juu ya meza ya chakula mpaka mita moja kamili, akaweka kijiko huku na kijiko kule. Akavitazama vile vijiko viwili kwa muda. "Upana huu ndio uliowasomesha," akasema.

Ni kweli. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwani 1901, ilikuwa ya mita moja, na treni za abiria za hapa mjini bado zinapita juu ya upana huo. Njia ya Bernina, iliyokamilika 1910, ni ya mita moja vilevile, na tangu 2008 iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia pamoja na ile ya Albula. Stesheni yake ya juu kabisa, Ospizio Bernina, iko mita 2,253 juu ya usawa wa bahari. Timboroa yetu, kwenye reli ya kwenda Eldoret, iko zaidi ya mita 2,700. Alipoisikia hiyo alinirudisha nyuma niirudie. St. Moritz yenyewe iko kama mita 1,800, karibu sawa na Nairobi, kwa hiyo daktari wake hakuwa na wasiwasi wa kimo, ila wa baridi.

Anachotaka kuona ni namna treni inavyopanda mita 7 kwa kila mita 100 bila reli ya meno katikati, kwa magurudumu matupu. Anataka kuona pale juu, ambapo maziwa mawili yamekaribiana na maji ya moja yanaishia Bahari Nyeusi na ya jingine Bahari ya Adriatic. Kutoka hapo treni inateremka mpaka Tirano, Italia, mita 429 tu. Karibu na Brusio inapita juu ya daraja la matao, inazunguka duara zima, na kupita chini ya daraja lile lile. Treni ya kawaida inapita hapo sawasawa na ile ya watalii, na mtu ambaye miaka yake yote alisimama mlangoni mwa behewa la mwisho hawezi kufurahia dirisha lisilofunguka.

Siku tupu katikati ya safari ni kwa ajili ya theluji yenyewe. Kabla ya handaki la Furka kufunguliwa 1982, Glacier Express, iliyoanza 1930, ilikuwa treni ya kiangazi tu. Kule juu ya Furka kuna daraja la Steffenbach ambalo mafundi walilikunja kila mwaka kabla ya baridi ili maporomoko ya theluji yasilichukue, kisha wakalitandaza tena. Handaki limeiondolea Glacier Express taabu ile, lakini kipande cha Oberalp kwenye njia hiyo hiyo, kinachofika mita 2,033, bado kinaweza kufungwa siku maporomoko yanapohofiwa. Ukiwa umebana hoteli 6 kwa siku 9, kufungwa huko kunakuvurugia kila kitu. Sisi tuna hoteli mbili, moja Chur na moja Brig, na siku moja ambayo haina jina.

Nguo tumenunua Gikomba, soko la mitumba la hapa Nairobi. Nasema hivi kwa sababu watu wananiuliza tumepata wapi pesa za makoti ya theluji. Marobota yanakuja kutoka huko huko Ulaya. Koti la Baba ni la buluu iliyokolea, zito, zipu nzima, na nilipolifikisha nyumbani nikaona kwenye zipu ya mfuko kimefungwa kipande cha karatasi ngumu kilichokatwa, tiketi ya kupandia mlima wa kuteleza kwenye theluji, wino umeshafifia. Nilitaka kukikata. Baba akasema kiachwe, koti linarudi kwao. Viatu pekee tulinunua vipya, vyenye soli ya kushika barafu, na hapo sishauri mtu abane pesa.

Viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, inaombwa kuanzia miezi 6 kabla na isipungue siku 15, kwenye ubalozi wa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi, na bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Viza ya Uswisi inatosha kushukia Tirano upande wa Italia na kurudi. Miadi ya asubuhi huisha haraka, basi msingoje.

Juzi nilimkuta Baba sebuleni na daftari lake la zamani la kazi, kurasa za nyuma zilizobaki tupu. Amechora mistari kwa rula na kuandika stesheni zote kutoka St. Moritz mpaka Tirano, moja chini ya nyingine, na pembeni ya kila moja saa ya kufika na saa ya kuondoka. Safu ya tatu ameiacha wazi. Nilimuuliza ni ya nini.

"Ya kuchelewa," akasema. "Nitajaza nikiwa ndani."