192 ya Nini kwa Wimbo wa 44.1?

Shemeji yangu akija kwangu Manyatta, Kisumu, mkono wake huifikia kompyuta kabla haujakifikia kikombe cha chai. Krismasi iliyopita alifungua menyu ya sauti ya Windows, akateremka hadi pale pa kuchagua kiwango cha sampuli, yaani sauti inayotoka inapimwa mara elfu ngapi kila sekunde, akaipita 44.1, akaipita 48, akaipita 96, akatua kwenye biti 24 na kilohezi 192. "Sasa sikia hiyo, shem," akaniambia. Nikasikia. Nikaitikia kwa kichwa, maana mtu aliyemwoa dada yako humbishii mbele ya watoto. Alipopanda matatu ya Ahero nikairudisha 44.1. Niliyoyameza siku ile nayasema leo.

Nyimbo zangu nyingi nilizitoa kwenye CD. Tangu CD ianze kuuzwa mwaka 1982, inabeba sampuli 44,100 kila sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia, na kila sampuli, yaani kipimo kimoja cha sauti, imeandikwa kwa biti 16, zile sifuri na moja za kompyuta. Wengi hudhani namba hiyo iliokotwa tu njiani. La. Wahandisi wa wakati ule walikuwa wakihifadhi sauti ya dijitali kwenye mashine za kanda za video: sampuli 3 kwa kila mstari wa picha, mistari 245, mara 60 kwa sekunde. Zidisha mwenyewe. Na inatosha, kwa sababu sampuli hubeba mawimbi hadi nusu ya idadi yake, yaani hezi 22,050, ilhali sikio la kijana lenye afya hukomea karibu hezi 20,000. Langu mimi, baada ya miaka yote ya kukaa karibu na spika za matanga, nadhani lilishakoma zamani.

Sasa ukiiambia Windows itoe 192 huku wimbo ni wa 44.1, kompyuta inalazimika kukokotoa sampuli ambazo hazikuwepo. Hata hazigawanyiki vizuri. 192 ukiigawa kwa 44.1 unabaki na desimali ndefu. Ni sawa na kuongeza maji kwenye mchuzi wa ngege kisha ukawaambia wageni samaki wamezidi. Nikiri kwamba ukokotoaji huo siku hizi hufanywa kwa ustadi, na ukinifunga kitambaa machoni siwezi kuapa kwamba nitaijua tofauti. Lakini kama faida haipo, kazi ya nini? Msimamo wangu kwa mipangilio yote ya sauti ni huo mmoja: kompyuta iguse wimbo kidogo iwezekanavyo.

Kwa hiyo kinachoniuma si ile 192. Kinachoniuma ni vile vinavyoitwa viboresho, ambavyo kompyuta nyingi huja navyo vikiwa vimewashwa na mwenye mashine hana habari. Laptopu yangu niliinunua mtumba, na kwa miezi kadhaa nililaumu woofa bure. Nilikuja kushtuka siku niliyoweka rekodi ya nyatiti. Anayeijua nyatiti anajua kwamba nyuzi nane ni sehemu tu ya habari yenyewe. Mpigaji amekaa kwenye kigoda kifupi, ana pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, anaigonga kwenye mbao ya chombo, na njuga zilizofungwa mguuni zinamjibu. Kuna kubwa na ndogo humo, kuna mbali na karibu. Kwangu mimi vyote vilikuwa vimepangwa mstari mmoja kama wanafunzi paredi: pete ina nguvu sawa na sauti ya mzee anayeimba, njuga zinachemka kama mafuta ya kukaangia omena, na pale mzee anapovuta pumzi kabla ya ubeti, pumzi yenyewe inapaa.

Mkosaji alikuwa kiboresho cha kusawazisha ukubwa wa sauti. Kazi yake ni kunyanyua yaliyo madogo na kukandamiza yaliyo makubwa. Ukitazama filamu usiku watoto wamelala, kinafaa sana. Kwenye muziki ni uharibifu. Nikakizima, nikazima na cha kuongeza besi, na kile cha kujifanya sauti inatoka pande zote za chumba. Mama yangu, asiyeijua kilohezi wala hana haja nayo, alikuwa jikoni akisonga ugali. Akasema kutoka huko huko: "Kumbe ana mguu huyu!"

Jambo la pili watu hulipita kabisa. Ukitumia hedifoni za bluetooth, Windows inaweza kukuonyesha kifaa hicho hicho mara mbili, cha stereo na cha simu. Programu yoyote ya mkutano ikiwasha maikrofoni ya hedifoni, unahamishiwa njia ya simu, mono (masikio yote mawili sauti moja), sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde. Mtu anaacha dirisha la mkutano limefunguliwa, anaenda kupigana na mambo ya 96 na 192. Tena Windows ikihisi kuna simu hupunguza sauti nyingine zote kwa asilimia 80, mpaka uiambie isifanye hivyo.

Basi tuje kwa ugomvi wa mafundi kuhusu njia ya kuitoa sauti kwenye programu hadi kadi ya sauti: WASAPI au ASIO? WASAPI ilikuja na Windows Vista mwaka 2007. Kwa njia yake ya kawaida, sauti za programu zote humwagwa kwenye mikseri moja, wimbo pamoja na mlio wa WhatsApp, zikatoka kwa kiwango kile ulichochagua kwenye menyu. Kwa njia yake ya umiliki, programu moja ya kuchezea muziki kama foobar2000 huishika kadi ya sauti peke yake, na kadi hubadilika kulingana na wimbo: wa 44.1 unatoka 44.1, wa 96 unatoka 96. Mimi hii ya umiliki huitumia usiku. Mchana haifai, kwa sababu binti yangu akifungua video ya somo la hesabu hasikii kitu, na kesi inaletwa kwangu. ASIO ni ya Steinberg na ilitengenezewa studio, ili mpiga gitaa asisikie gitaa lake likichelewa. Wimbo uliokwisha kurekodiwa hauna mtu wa kumuwahi. Kama kifaa chako kimekuja na ASIO yake, itumie, haina dhambi. Kuihangaikia kwa sababu ya kusikiliza tu ni kuvaa gambuti kitandani.

Wenye Mac wana programu ya Audio MIDI Setup, kiwango wanakichagua humo.

Kwenye biti lakini, shemeji alikuwa na nusu ya haki, nami nilimwonea nilipoirudisha yote. Kila biti huongeza takriban desibeli 6 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, hivyo biti 16 ni kama desibeli 96. Ukiteremsha sauti ndani ya kompyuta kwa desibeli 18 huku umechagua biti 16, umetupa biti tatu hivi. Ukichagua 24 kuna nafasi ya kuteremka bila hasara. Kwa hiyo sasa kwangu ni biti 24, kilohezi 44.1, sauti ya Windows juu kabisa, na ukubwa naupangia kwenye kitufe cha woofa. Isipokuwa saa kumi jioni mvua ya Kisumu ikianza kupiga mabati. Hapo hata desibeli 96 ni hadithi, unazima unangoja ipite.

Na haya yote ni bure kama faili yenyewe ilitiwa kwenye flashi na kijana wa Kondele anayeuza nyimbo mia tano kwa bei ya soda, MP3 iliyobanwa mpaka matoazi yanasikika kama maji ya bomba. Faili hiyo iweke 192, iweke elfu moja.

Shemeji anakuja tena Pasaka. Nimeshajua atafikia menyu ile ile. Nitamwacha apandishe mpaka juu, kisha nimwekee ile nyatiti nimuulize kama mguu anausikia.