Bahari iliyotengwa Shelisheli na joto lisilojua mipaka

Mwandishi wa makala kuhusu hifadhi ya bahari ya Shelisheli ameeleza vyema jinsi nchi hiyo ya visiwa ilivyofikia lengo la kutenga asilimia 30 ya eneo lake la bahari mwaka 2020, baada ya sehemu ya deni lake la nje, takribani dola milioni 21, kubadilishwa kuwa fedha za hifadhi na za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Hata hivyo, suala la joto la maji amelipita haraka mno. Mwaka 1998 matumbawe ya visiwa vya ndani, vile vilivyo karibu na kisiwa kikuu cha Mahé, yalipauka (yalipoteza rangi kwa sababu ya joto la maji) na kufa, hadi asilimia 90 katika baadhi ya maeneo, na yale yaliyokuwa yameanza kurejea yakapata pigo jingine mwaka 2016. Mpaka uliochorwa kwenye ramani hauwezi kuzuia joto linalotokana na moshi wa mataifa makubwa. Ndiyo maana naomba nyasi za baharini na mikoko, ambazo huhifadhi kaboni na kuwalea samaki wachanga, zipewe uzito uleule wanaopewa kobe wakubwa wa visiwa vya Aldabra (nao, kwa kweli, wanastahili kila ulinzi). Wavuvi wadogo wa visiwa vya Mahé na Praslin nao washirikishwe katika kupanga doria, kwa kuwa eneo linapofungwa wao ndio wa kwanza kubeba gharama.