Bei ya kwanza si uongo: kupatana bei katika masoko ya Uzbekistan

Kwenye masoko ya mifugo ya Uzbekistan, ng'ombe hauzwi kwa mdomo peke yake. Mwenye ng'ombe na mnunuzi hushikishwa mikono na mtu wa tatu, naye huitikisa juu chini kwa nguvu huku akipaza bei, mara akimlaumu huyu kwa uchoyo, mara akimsihi yule asiliache dume zuri namna hii. Mmoja akichomoa mkono, hurudishwa. Watazamaji nao hutia bei zao bila kualikwa. Pande mbili zikikubaliana, viganja hugongwa mara ya mwisho, husemwa "bor baraka", na kuanzia hapo hakuna kurudi nyuma. Huyo wa tatu Wauzbeki humwita dallol. Ni dalali wetu yuleyule: neno lilitoka Uarabuni likachukua njia mbili. Hata ghali kwao ni qimmat, ndugu wa kima chetu.

Naanzia kwa ng'ombe kwa sababu malalamiko ya wasafiri huanzia kwenye vitambaa na matunda makavu. Mtu anarudi kutoka Tashkent au Samarkand na hadithi moja: nilitajiwa bei ya kuruka, nikaikata nusu, nikalipa, na mpaka leo sijui kama nilipigwa. Anahitimisha kwamba kupatana bei ni wizi wenye tabasamu, na kwamba wangebandika bei kwenye kila kitu tukamaliza.

Hoja hiyo si ya kubezwa. Waquaker, dhehebu la Kikristo la Uingereza, waliishika tangu karne ya 17: ukitaja bei ambayo mwenyewe hukusudii kuisimamia, umesema uongo. Tena bei moja haimwonei haya mtu wala haimwogopi. Mtoto aliyetumwa dukani, mgeni asiyejua lugha, mtu mpole asiyependa mabishano, wote hulipa sawa na yule mwenye ulimi wa kisu. Sokoni Chorsu, soko kubwa la Tashkent, mpole na mwenye ulimi wanaweza kuondoka na matikiti mawili ya shamba moja kwa bei mbili. Sioni namna ya kuifanya hiyo iitwe haki, na muda unaopotea sijautaja bado.

Ila kibandiko cha bei nacho kina historia yake huko, na historia hiyo haikukisafisha jina. Enzi za Kisovieti bei zilipangwa na serikali, bidhaa nyingine zikitoka kiwandani tayari zimepigwa chapa ya bei. Bei ilikuwa moja, kweli, na mara nyingi rafu ilikuwa tupu. Mwaka 1932 Moscow yenyewe ilibidi iruhusu masoko ya kolkhozi, yaani mashamba ya ushirika, ambako wakulima waliuza ziada yao kwa bei ya makubaliano, na masoko hayo yakadumu hadi mwisho wa utawala huo. Kuba kubwa la samawati ambalo watalii hulipiga picha Chorsu ni kazi ya serikali hiyohiyo, mwaka 1980. Serikali iliyohubiri bei ya kupangwa iliwajengea paa watu wanaobishana bei.

Jambo ambalo sichoki kulirudia, hata hivyo, ni la Septemba 2017. Hadi siku chache za mwanzo za mwezi ule, benki ya Uzbekistan ilikuhesabia dola moja kwa som, fedha ya huko, 4,200 hivi. Tarehe 5 kiwango rasmi kikapandishwa kwa mkupuo hadi 8,100. Usiku mmoja, karibu maradufu! Je, som ilipoteza nusu ya thamani yake usiku ule? Hasha. Mtaani dola ilikuwa tayari imeshafika huko. Wabadilisha fedha walisimama pembeni mwa masoko na mifuko ya plastiki iliyojaa mabunda, kwa kuwa hadi 2013 noti kubwa kabisa ilikuwa ya som 1,000, isiyofika nusu dola. Benki ilikuja tu kukubali kile ambacho muuza zabibu kavu alikijua kwa miaka.

Fanya hesabu ya kitambaa cha som 400,000 kabla ya siku hiyo. Kwa kiwango cha benki ni dola 95. Kwa kiwango cha mtaani ni kama 50. Kibandiko kingesomeka vilevile kwa wanunuzi wote, na mmoja angelipa karibu mara mbili ya mwenzake bila yeyote kufungua mdomo. Katika nchi ambamo namba ya serikali haikuaminika, mdomo wa muuzaji ulikuwa chombo sahihi zaidi kuliko karatasi. Ndiyo sababu nashindwa kuiita bei ya kwanza uongo. Ni swali: wewe ni nani, unajua nini kuhusu kitu hiki, unakihitaji kiasi gani? Na nusu unayoitaja wewe ni swali pia, wala humaanishi nusu. Fikihi ya Kiislamu, ambayo wengi wa wafanyabiashara hao wamelelewa ndani yake, iliruhusu mapatano hayo. Ilichokataza ni najshi, yaani kupandisha bei ya kitu usichokusudia kukinunua ili mwenzako anase.

Nenda Dordoy, nje kidogo ya Bishkek, nchi jirani ya Kirgizia, uone kinyume chake. Ni mji mzima wa makontena yaliyobebana mawili mawili, na wachumi wa Benki ya Dunia walikadiria mauzo yake ya 2008 kuwa zaidi ya dola bilioni 2.8. Mapatano pale ni ya maneno machache: pisi ngapi, bei gani, funga. Mchuuzi aliyekuja kuchukua jaketi za jumla anajua bei kama anavyomjua mwenye kontena. Ubishi huwa mrefu pale ambapo mmoja hajui.

Na mgeni ndiye asiyejua. Bei ya mgeni ipo, sikatai, hasa kwenye vyumba vya madrasa za kale vilivyogeuzwa maduka. Lakini anachotakiwa kukiogopa pale ni uongo juu ya bidhaa kuliko bei yenyewe: poliesta inayouzwa kwa jina la hariri ya Margilan, mji unaosifika kwa hariri. Bei moja isingemkinga na hilo. Maongezi yanaweza. Muombe muuzaji achomoe uzi mmoja auchome kwa kiberiti. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika vidoleni. Poliesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu. Mwenye mali halali huutafuta uzi mwenyewe. Mwite aka, kaka mkubwa, au kama ni mama wa makamo, xola, mama mdogo. Naye atakuambia mengi ambayo kibandiko hakina nafasi ya kuyaandika.

Mtalii anayemkaba bibi wa kotimiri kwa som 2,000, halafu akaenda kujisifu hotelini, huyo simtetei. Wenyeji kwenye mboga wakiomba, huomba nyongeza ya shina mbili tatu, si punguzo. Na bei ya mkate haiguswi kabisa. Kwenye soko la Siyob, Samarkand, kandokando ya msikiti wa Bibi-Khanym, mikate ya duara hupangwa iking'aa kama sinia, na hata yule aliyetoka kubishana robo saa juu ya lozi huuliza bei mara moja, hutoa noti, na kuondoka na mkate wake kwapani.