Asiye Mkazi Mbele ya Benki ya Ng'ambo: Tahadhari Imeishia Wapi, Uonevu Umeanzia Wapi?

Mtu anayetaka kufungua akaunti katika nchi asiyoishi hutiliwa shaka kabla hata hajaweka pasipoti yake mezani. Wapo wanaoamini kwamba mwenye fedha halali hana sababu ya kuzihifadhi ugenini, na kwamba benki inayomkataa inatimiza wajibu wake tu. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini kwa namna inavyosemwa kila siku inawatia katika kapu moja mwanafunzi anayehitaji kulipa ada kabla ya kusafiri, mfanyakazi wa kujitegemea ambaye wateja wake hulipa kwa yuro, mjane aliyerithi nyumba ng'ambo na mtu mwenye msururu wa kampuni hewa zilizosajiliwa katika visiwa vya ng'ambo. Watatu wa kwanza ndio ambao sauti zao hazisikiki katika mjadala huu.

Ifahamike kwanza kwamba katika nchi nyingi hakuna sheria inayomkataza asiye mkazi kuwa na akaunti. Sheria inachodai ni benki imjue mteja wake: ni nani, anaishi wapi, fedha zake zinatoka wapi, na akaunti ataitumia kwa shughuli gani. Masharti hayo yanatokana na mapendekezo 40 ya FATF, chombo cha kimataifa kilichoundwa mwaka 1989 kupambana na utakatishaji wa fedha. Anayefunga mlango, basi, mara nyingi ni benki yenyewe, na huufunga baada ya kupiga hesabu za biashara.

Hesabu hizo si za kubeza. Kumhakiki mtu aliye mbali ni kazi ya gharama: karatasi zake huenda zimeandikwa kwa lugha ambayo ofisa haisomi, mwajiri wake hajulikani, na historia yake ya mikopo haipo popote ofisa anapoweza kuitazama. Mteja wa namna hiyo akiweka dola 2,000 na kuzitumia polepole, faida atakayoiletea benki huenda isifikie gharama ya muda uliotumika kulipitia faili lake. Upande wa pili ipo adhabu. Mwaka 2012 HSBC, benki kubwa ya Uingereza, ilikubali kuilipa Marekani dola bilioni 1.9 baada ya kubainika kwamba udhibiti wake dhaifu uliruhusu fedha za magenge ya dawa za kulevya ya Mexico kupita humo. Mkurugenzi wa benki anayesoma habari kama hiyo ana haki ya kuogopa, na ofisa wa chini anayejua kwamba hakuna atakayemhoji kwa kumkataa mteja, ila atahojiwa kwa kumkubali, atachagua njia iliyo salama kwake.

Mfano unaotajwa sana na watetezi wa msimamo huo ni ule wa tawi la Danske Bank, benki ya Denmark, lililokuwa nchini Estonia, nao ndio ninaotaka tuukazie macho, kwa sababu naamini unasomwa vibaya. Uchunguzi ulioagizwa na benki yenyewe, ambao matokeo yake yalitangazwa Septemba 2018, ulionyesha kwamba kati ya mwaka 2007 na 2015 takriban yuro bilioni 200 zilipita katika akaunti za wateja wasio wakazi wa tawi hilo, na wengi wa wale ambao faili zao zilikuwa zimekwisha kupekuliwa walionekana kuwa wa kutiliwa shaka. Desemba 2022 benki hiyo ilikiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani na kukubali kulipa takriban dola bilioni 2. Kwa wengi hadithi inaishia hapo: wasio wakazi walifunguliwa mlango, na uchafu ukaingia.

Lakini tuigawanye ile bilioni 200. Wateja wale walikuwa kama 10,000, kwa hiyo kila mmoja, kwa wastani, alipitisha yuro milioni 20, yaani zaidi ya yuro milioni 2 kila mwaka kwa kipindi chote hicho. Wastani huficha mengi, na bila shaka walikuwamo waliopitisha kidogo sana; hata hivyo, punguza kiasi hicho kwa nusu, kisha ukipunguze tena kwa nusu, na bado unabaki na mtu aliyepitisha yuro milioni 5 katika tawi la benki la nchi ndogo asiyoishi. Mwanafunzi hayumo humo, wala mjane mwenye nyumba ya urithi. Waliokuwamo ni pamoja na kampuni na ubia uliosajiliwa Uingereza na katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, ambao wamiliki wake halisi walikaa nyuma ya pazia. Mfanyakazi wa benki hiyo aliyetoa tahadhari mwishoni mwa mwaka 2013, Howard Wilkinson, alianzia kwenye ubia mmoja wa Uingereza uliokuwa umewasilisha kwa msajili hesabu zisizo za kweli. Swali lake lilikuwa juu ya biashara ya mteja, na lilikuwa swali sahihi. Kilichopungua Estonia ni utayari wa wakubwa kumsikiliza mtu aliyeuliza kampuni isiyoonekana kufanya kazi yoyote inapata wapi mamilioni. Benki inayojibu kashfa ile kwa kumfukuza kila mwenye anwani ya nje inaacha swali hilo bila kuulizwa, kwa sababu kampuni hewa inaweza kununua anwani ya ndani kwa urahisi kuliko mtu wa kawaida.

FATF yenyewe ililisema jambo hili. Oktoba 2014 ilitamka kwamba kuwaondoa wateja kundi zima kwa mkupuo, bila kupima hatari ya kila mmoja, hakuendani na mwongozo wake. Benki inayomwambia mwombaji kwamba imefungwa mikono na kanuni za kimataifa haimwelezi yote.

Ipo pia dhana kwamba akaunti ya ng'ambo ni akaunti ya siri. Ilikuwa hivyo zamani, na Uswisi ilipata jina kwa hilo kutokana na sheria yake ya mwaka 1934. Leo hali ni nyingine. Chini ya utaratibu ulioandaliwa mwaka 2014 na OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ambayo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, benki za nchi zaidi ya 100 humuuliza kila mteja mpya ni mlipakodi wa nchi gani, kisha kila mwaka salio na mapato ya asiye mkazi hupelekwa kwa mamlaka ya kodi ya nchi yake, ikiwa nchi hizo mbili zina makubaliano ya kubadilishana taarifa. Ubadilishanaji ulianza mwaka 2017, na kwa mwaka 2019 pekee ulihusu akaunti milioni 84 zenye jumla ya yuro trilioni 10. Marekani haimo; ina sheria yake ya mwaka 2010, FATCA, inayotishia kukata asilimia 30 ya malipo yatokayo Marekani kwenda kwa benki ya nje isiyotoa taarifa za wateja wake Wamarekani. Anayefungua akaunti kwa jina lake halisi na namba yake ya mlipakodi, kwa hiyo, mara nyingi anajiweka wazi mbele ya serikali kuliko jirani anayeficha fedha taslimu chini ya godoro. Na FATCA imetufundisha jambo jingine: benki kadhaa za Ulaya, kwa kuogopa usumbufu, ziliwafungia akaunti hata watu waliozaliwa Marekani na kuondoka wakiwa wachanga, ambao kisheria walihesabiwa Wamarekani ingawa hawakuwa na senti ya kuficha. Kanuni iliyolenga wafichaji iliwaangukia waliokuwa wepesi kupatikana.

Namna uonevu huu unavyofanyika huonekana katika karatasi. Mwombaji anatakiwa kuonyesha uthibitisho wa makazi, kwa kawaida bili ya umeme au maji isiyozidi miezi mitatu. Yeye ni mpangaji, na bili ina jina la mwenye nyumba. Analeta taarifa ya benki ya nyumbani. Inakataliwa kwa sababu imechapishwa kutoka kwenye intaneti na haina muhuri. Anapata muhuri, lakini pasipoti ina majina matatu na taarifa ina mawili. Anaambiwa alete nakala iliyothibitishwa na wakili na kugongwa muhuri wa apostili, ule wa Mkataba wa Hague wa mwaka 1961 unaofanya hati ya nchi moja itambuliwe katika nyingine, na ikiwa nchi yake haimo katika mkataba huo inambidi apite wizarani na ubalozini. Wiki zikiisha, ile bili imepita miezi mitatu. Hakuna hatua hata moja kati ya hizi iliyogusa chanzo cha fedha zake, ilhali mkataba wake wa kazi na hati za mshahara zimo katika faili hilohilo tangu siku ya kwanza.

Siandiki haya kumhimiza mtu kukimbilia ng'ambo. Mwombaji naye ana ya kuangalia: kanuni za fedha za kigeni za nchi yake, wajibu wa kutangaza akaunti hiyo kwa mamlaka ya kodi, na usalama wa benki yenyewe. Mwaka 2013 wenye amana zinazozidi yuro 100,000 katika Bank of Cyprus, wasio wakazi wengi wakiwamo, walipoteza asilimia 47.5 ya kiasi kilichozidi kiwango hicho.

Lakini kama swali ni iwapo benki inaweza kumpokea asiye mkazi bila kuhatarisha nchi, jibu limekwisha kupatikana mahali pamoja. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014, namba 92, yanampa kila anayeishi kihalali ndani ya Umoja huo, wakiwamo waomba hifadhi na wasio na anwani ya kudumu, haki ya akaunti ya msingi ya malipo, hata katika nchi mwanachama ambayo yeye si mkazi wake. Benki hupewa siku 10 za kazi tangu ipokee maombi yaliyokamilika, na ikikataa lazima iandike sababu, isipokuwa pale ambapo kuitaja kungevuruga usalama au vita dhidi ya fedha haramu. Uhakiki wa mteja umebaki palepale. Kilichoondolewa ni uhuru wa kumkataa mtu kwa sababu tu anaishi upande wa pili wa mpaka. Anayeishi nje ya Umoja huo hana haki hiyo, na sioni kwa nini angalau ile sehemu ya mwisho, jibu la maandishi lenye sababu ndani ya muda unaojulikana, isingetolewa kwake pia, pamoja na akaunti yenye ukomo wa kiasi ambayo ingepanuka kadiri benki inavyomfahamu.