Kijivu Kinachoogopa Mashahidi

Mimi nachapia watu kazi: mikataba ya shamba, barua, kumbukumbu za chama. Sikuomba Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Mpwa wangu ndiye aliyeitazama laptopu yangu, akasikitika, akafuta kila kitu Jumapili moja nikiwa kanisani. Akaniwekea dwm, msimamizi wa madirisha, yaani programu inayoyapanga kwenye skrini, kitu cha tangu 2006, ambacho hakitaki madirisha yapandane. Ukifungua moja, linajaa skrini. Ukifungua la pili, la kwanza linakatwa nusu. Ni landilodi wa Pipeline, ule mtaa wa Nairobi uliobanana, kabisa: mpangaji mpya akija, anapiga silingi bodi katikati ya chumba chako, na hakuulizi.

Hilo nilizoea. Ila programu ya kuandikia, iliyotengenezwa kwa Java, lugha ya kuandikia programu, mara inafunguka vizuri, mara inafunguka kijivu. Kijivu tupu! Hakuna herufi, hakuna menyu. Na mteja ameketi hapo kwa stuli akisubiri mkataba wake, anakohoa kile kikohozi cha mtu anayejuta kulipa depositi.

Nampigia mpwa. Anatoka Rongai, anafika, anafungua: maandishi hayo, yametulia. "Anko, mbona iko sawa?" Anaondoka. Hajafika steji, kijivu. Namrudisha, iko sawa. Akaanza kuniuliza kama siku hizi napata usingizi.

Niliipeleka hadi Luthuli, barabara ya mafundi mjini. Fundi akaiwasha, akatafuta pa kubonyeza, hakupaona, akaifunga polepole na kunirudishia kwa mikono miwili.

Juzi nikamkataza mpwa kugusa. Kaa hapo, nifungue mimi. Kijivu! Nilishangilia mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa sikia ujinga wenyewe. Wasimamizi wengi wa madirisha huivisha kila programu fremu, ile yenye jina na kialama cha kufungia. dwm haivishi mtu. Java isipovishwa inachanganyikiwa, inaweza kuchora kijivu na kuishia hapo. Dawa ni mstari mmoja, _JAVA_AWT_WM_NONREPARENTING=1, na mpwa alikuwa ameshauandika. Wapi? Kwenye .bashrc! Faili inayosomwa ukifungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Yeye kila akija anafungua terminali, anaandika jina la programu, Java inatulia. Mimi nabonyeza Alt na P, nachagua kwenye dmenu, orodha ya programu inayojitokeza kwenye skrini, maana nina kazi za watu. Na dmenu inarithi mazingira ya dwm, yaani mipangilio iliyowashwa nayo, ambayo .bashrc haikuwahi kuyafikia. Muda wote huo naambiwa nilale mapema.

Ameuhamishia kwenye .xinitrc, faili inayosomwa mwanzo kabisa ukiwasha madirisha, juu ya mstari unaowasha dwm. Kijivu kimekwisha. Kisha akanieleza, bila kuulizwa, kwamba ningeweza pia kuidanganya Java kuwa dwm inaitwa LG3D, jina la mradi wa Sun, kampuni iliyomezwa na Oracle mwaka 2010. Yaani programu iko hapa Nairobi, mwaka huu, na inatulia ikitajiwa marehemu! Watu walikaa mezani wakakubaliana hivyo, na chai wakanywa.

Nikamuuliza kama sasa tumemaliza. Akasema ndiyo, ila anafikiria kunihamishia Sway, msimamizi mwingine wa madirisha, iko kisasa zaidi. Nikamtafutia koti lake haraka. Nauli ya kurudi Rongai nimelipa mimi, tena saa moja jioni, mvua inanyesha, na makanga ameshaona.