Kinanda cha Shemeji Kilivyokula Sembe

Mume wa dada yangu, Mwingereza wa Leicester, ana ugonjwa mmoja: cha bure hakimpiti. Huko Uingereza makanisa mengi yanafungwa kwa kukosa waumini, na vinanda vyake vya mabomba, vyenye umri wa zaidi ya miaka 100, mara nyingi hutolewa bure kwa atakayeweza kuvibeba. Shemeji akasikia "bure". "Atakayeweza kuvibeba" nikaisikia mimi.

Tukabeba mabomba mamia, yamefungwa kwenye mablanketi kama vichanga. Yale ya chuma ni bati lililochanganywa na risasi, laini mno. Ukilibonyeza bomba mdomoni mwake, sauti imeharibika. Hata nikikohoa, shemeji ananikaripia.

Balaa likawa bomba kubwa la mbao, mita 2.4 na ushei. Dari ya sebuleni ni 2.4 hizohizo, na bomba lenyewe husimama juu ya kasha la upepo. Mwenye akili angelilaza tu, maana hata likilala linalia vilevile. Shemeji akachukua msumeno, akatoboa dari. Likachomoza chumbani kwangu, kando ya kitanda, na kishikio cha kizibo chake juu. Nikatundika taulo.

Mashine ya kusukuma upepo ina kelele, basi ikafichwa stoo, chini ya ngazi.

"Baba watoto, humo mna vyakula vyangu," dada akamwambia.

"Ni upepo tu, mke wangu."

Jumapili wakaalikwa majirani na mchungaji. Ubeti wa kwanza ulipigwa vizuri, ila ukaja na harufu. Mashine huvuta hewa ya pale ilipo, na pale palikuwa na dagaa wakavu wa Mwanza. Mama mmoja akageuza viatu kukagua soli. Mchungaji akatabasamu huku amebana pumzi.

Ubeti wa pili shemeji akafungulia sauti zote kwa pamoja. Kinanda kikataka upepo mwingi, mashine ikavuta kwa pupa, na mfuko wa sembe ulioachwa wazi nao ukaondoka. Wingu jeupe likatoka kwenye midomo ya mabomba, likatua juu ya keki, likamalizikia kwenye suti nyeusi ya mchungaji.

Shemeji akaacha kupiga. Kinanda hakikuacha. Unga ulikuwa umenasa chini ya kile kifuniko cha ngozi kinachoziba njia ya upepo, basi lile bomba la chumbani kwangu likanguruma bila kuguswa, vikombe vikigongana na visahani. Dada akakimbilia stoo kuzima. Lakini mvukuto ulikuwa bado umejaa, kwa hiyo sauti ikashuka kidogokidogo, ikalegea, ikamalizia kwa mlio ambao siwezi kuuelezea mbele ya wakwe.

Kimya. Mchungaji akapangusa nyusi, akatafuta neno la heshima.

"Kinanda hiki," akasema, "kinanikumbusha bahari."

"Ziwa, mchungaji," dada akamsahihisha kutoka stoo, akikung'uta mfuko. "Hao ni wa ziwani."