Mtoaji Hongo Aliyebanwa Asifanywe Pacha wa Mpokeaji

Sheria ya Hongo ya Kenya ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Januari 2017, imemweka anayetoa na anayepokea katika kizimba kimoja. Kifungu cha 5 kinamhusu mtoaji, cha 6 kinamhusu mpokeaji, na adhabu yao ni moja: kifungo kisichozidi miaka 10, au faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Msimamo huo una watetezi wengi hapa Mombasa, na si watu wa kupuuzwa. Khatibu akigusia rushwa siku ya Ijumaa, hadithi anayoisoma ni ile inayowalaani mtoaji na mpokeaji kwa pamoja. Wahimizaji wa maadili nao hawachoki kutukumbusha kwamba mkono unaopokea haungejaa kama hakuna unaotoa, kwa hivyo dawa ni wananchi waache kutoa.

Hoja yao haikosi uzito. Mwagizaji bidhaa anayeandika kwenye hati za forodha kwamba kontena lina mitumba ilhali limejaa simu, kisha akamtuliza mkaguzi, hakubanwa na mtu. Amejinunulia punguzo la ushuru ambalo mfanyabiashara mwaminifu hana. Mwenye lori lililozidisha uzito, anayelipa ili apite mizani ya Mariakani, ameuhamishia umma gharama ya kuikarabati barabara ya Nairobi. Matatu yenye breki mbovu ikiachiliwa kizuizini, watakaoilipia hongo hiyo ni abiria. Watoaji hawa ni wabia wa mpokeaji, na sijasikia mtu mwenye busara akiwaombea nafuu.

Mtoaji wa aina hii aliyefikisha kesi yake mbali kabisa anaihusu Mombasa yenyewe. Mwaka 1989 kampuni iliyokuja kujulikana kama World Duty Free ilipata mkataba wa kuendesha maduka yasiyotozwa ushuru katika viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa. Ilipokosana na serikali, ilipeleka madai yake ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, na huko mwenye kampuni akaeleza katika ushahidi wake mwenyewe kwamba alitoa dola milioni 2 kwa Rais Daniel arap Moi ili biashara iruhusiwe. Alitaja hata mkoba wa fedha taslimu alioingia nao, ambao aliporudishiwa aliukuta una mahindi mabichi. Tarehe 4 Oktoba 2006 jopo lilitupilia mbali madai yote kwa sababu mkataba uliopatikana kwa hongo haustahili ulinzi wa sheria.

Kwa wanaotaka mtoaji akazwe, huo ni ushindi, na kwa kuwa kampuni ilikuwa ikitafuta mkataba wala haikuwa ikidai haki iliyonyimwa, sina la kupinga. Lakini wasuluhishi hawakuishia hapo. Walikiri kwamba jambo linalosumbua mno ni kuwa mpokeaji alikuwa mkuu wa nchi, kwamba yaelekea yeye ndiye aliyeitaka hongo, na kwamba Kenya, iliyojikinga kwa uovu wa rais wake wa zamani, haikuwa imemshtaki wala kudai fedha zile. Mtoaji aliondoka mikono mitupu na mpokeaji hakuguswa. Sheria iliyo sawa kwa wote wawili katika karatasi ilimwangukia mmoja tu. Ikiwa ndivyo ilivyokwenda kwa tajiri mwenye mawakili, tutarajie nini kwa mtu anayesimama peke yake mbele ya dirisha la ofisi?

Huyo wa dirishani ndiye ninayeona haeleweki. Hanunui upendeleo, analipia kilicho chake. Kifungu cha 12 cha Katiba kinampa kila raia haki ya pasipoti na hati za utambulisho, lakini kwa miaka mingi kijana wa Pwani mwenye jina la Kiislamu alipigwa msasa wa ziada kabla ya kupewa kipande, yaani kitambulisho cha taifa, akiulizwa vyeti vya babu na bibi waliozaliwa kabla hata ya vyeti hivyo kuwa jambo la kawaida. Msasa huo ulitangazwa kufutwa mapema mwaka 2025. Utaratibu unaomtaka mtu athibitishe jambo lisilothibitika ni bustani ya hongo, kwa kuwa mwenye kukubali au kukataa ni afisa mmoja, na kukataa kwake hakumgharimu chochote.

Bandarini silaha ni muda. Siku za bure zikishapita, ada ya kuhifadhi kontena huanza kuhesabiwa, tena kwa dola, na kampuni ya meli nayo hudai fidia ya kontena lake lisilorudishwa. Wakala wa forodha mwenye hati zilizokamilika haambiwi kwamba amekataliwa. Anaambiwa mfumo uko chini, au mkaguzi ametoka, au arudi kesho. Kila kesho ina bei, na hongo hupangwa iwe ndogo kuliko bei hiyo. Kifungu cha 47 cha Katiba kinamhakikishia hatua ya kiutawala ya haraka na ya haki, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inamruhusu kwenda mahakamani kudai hivyo. Lakini hadi kesi itajwe mara ya kwanza, ada zimekwisha kula faida yote ya shehena.

Hapa ndipo takwimu moja inaponikera. Tafiti za kitaifa za Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya waliokumbana na hongo hawakuripoti popote. Tafsiri iliyozoeleka ni kwamba Wakenya wamezoea, hawajali, au hawajui pa kwenda. Kutojua kunapungua nguvu kama sababu, maana nambari ya bure ya tume, 1551, imetangazwa vya kutosha. Kutojali kunanipa shida zaidi, kwa sababu watu hao hao wasioripoti huisimulia hongo waliyotoa kwa hasira, baraza baada ya baraza, na kiwango na mahali hawavisahau. Wanachokosa ni njia ya kuisimulia kwa mpelelezi bila kujitia hatiani. Aliyelipa asubuhi, kufikia adhuhuri ni mkosaji chini ya kifungu cha 5, na malalamiko yake ni ungamo. Mpokeaji analijua hilo vizuri kuliko yeyote: akishazichukua pesa, shahidi wa pekee amekuwa mshirika wake kisheria, na hana haja ya kumtisha. Sidai kwamba hofu hiyo inaeleza asilimia zote hizo. Aliyekataa kutoa hana kosa lolote, na yeye pia mara nyingi hanyanyui simu, kwa kuwa anajua atarudi kwenye dirisha lile lile. Lakini hofu ya kulipiziwa kisasi inahitaji ulinzi na kazi ya miaka, ilhali hofu ya kushtakiwa imeumbwa na maandishi ya sheria, na maandishi hubadilishwa kwa kura ya bunge.

Watetezi wa sheria ilivyo watasema mlango upo. Anayeombwa hongo anaweza kuripoti kabla ya kutoa. Tume itampa kinasa sauti na noti zilizopakwa APQ, unga unaoganda mikononi mwa anayezishika, mpokeaji atanaswa, mikono yake itapanguswa kwa pamba, na mlalamishi atakuwa shahidi badala ya mshtakiwa. Ni kweli, na kesi nyingi za hongo ndogo zimejengwa hivyo. Mtego huo, hata hivyo, unahitaji hongo iliyotajwa leo ikalipwa kesho. Haumfai dereva aliyesimamishwa kizuizini usiku, ambaye chaguo lake ni kutoa noti au kulazwa seli na kufikishwa mahakama ya Shanzu asubuhi kwa kosa la barabarani ambalo hakulitenda. Wala hawezi kujitetea kwamba alilazimishwa. Kifungu cha 16 cha Kanuni ya Adhabu kinakubali utetezi wa kulazimishwa pale tu mtu alipotishiwa kuuawa au kuumizwa vibaya papo hapo. Kupoteza siku ya kazi au shehena hakumo.

Nitaongeza kwa ufupi kwamba hata wanavyuoni waliopokea hadithi ile ya laana, wengi wao walimtenga anayetoa ili aondoe dhuluma au apate haki yake isiyopatikana kwa njia nyingine. Dhambi waliibakiza kwa mpokeaji. Khutba fupi haina nafasi ya ufafanuzi huo, lakini sheria inayo.

Mwaka 2011 Kaushik Basu, aliyekuwa mshauri mkuu wa uchumi katika wizara ya fedha ya India, alipendekeza hongo inayotozwa mtu kwa haki yake isiwe kosa kwa mtoaji, na adhabu yote imwangukie mpokeaji. Alishambuliwa vikali, na baadhi ya mashambulizi yalikuwa ya haki. Mtoaji asiye na hatia kabisa anaweza kulipa bila kujali, au kumgeuzia afisa kibao na kumtoza kwa vitisho vya kumshtaki. Tena mpaka kati ya haki na upendeleo hauonekani daima: wakala anayelipa ili faili lake litangulie anadai haki yake, lakini amemrudisha nyuma mwenzake aliye kwenye foleni. Pingamizi hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, na silioni likijibika kikamilifu.

Hata hivyo, India haikubaki na pendekezo lile wala haikulitupa. Marekebisho ya mwaka 2018 yalifanya kutoa hongo kuwa kosa linalosimama peke yake, lakini yakamwondolea hatia aliyelazimishwa akaripoti ndani ya siku 7. Kwa utaratibu huo nafuu ni malipo ya ushahidi: asiyesema anabaki mkosaji, na anayetaka kumtoza afisa kwa vitisho hana muda wa kuvitumia. Kenya ingeweza kuongeza ibara ya namna hiyo katika kifungu cha 5, ikamhusu tu anayedai huduma anayostahili kisheria, na mzigo wa kuthibitisha kwamba alistahili ukawa wake. Mwenye lori lililozidisha uzito hangeingia humo.

Ibara hiyo peke yake haitoshi. Kifungu cha 21 kinatoa adhabu ya hadi mwaka 1 au shilingi milioni 1 kwa anayemtisha mtoa taarifa, lakini kisasi cha bandarini hakiji kama kitisho. Huja kama faili linalochelewa. Anayeripoti anahitaji amri ya muda, ya siku hizo hizo, ya kuhamishia shughuli yake kwa afisa mwingine, na ada za ucheleweshaji zisimamishwe hadi uchunguzi wa awali uishe. Na siku 7 ni chache mno kwa dereva anayeshusha mzigo Kampala akarudi Mombasa. 14 zingemfaa zaidi.